Kulinda Mpunga Uliokwisha Kuvunwa

Mpunga wetu wa Namawala uliisha kuvunwa mwezi wa sita, mwaka 1996. Ulipigwa, ukapepetwa, ukatiwa kwenye magunia, na gunia la mwisho nililishona mimi kwa mkono wangu kabla lori halijaondoka kwenda Ifakara. Shambani yalibaki mabua. Sasa mtu mwenye akili zake anieleze: mwezi wa nane, mume wangu alikuwa juu ya dungu analinda nini?

Swali hilo niliulizwa sokoni, bombani, hata kwenye jumuiya tukiwa na rozari mkononi. "Mama Beatus, mzee bado analinda?" Walicheka kwa adabu, lakini walicheka.

Mume wangu anaitwa Theodori. Alizaliwa upande wa Mahenge, akateremka bondeni mgongoni kwa mama yake. Ujanani alikata miwa kwenye mashamba ya sukari mpaka akachoka kusimamiwa na manyapara, akaacha, akanioa, tukafungua shamba Namawala. Kila msimu tulihamia shambani na masufuria yetu kama watu wote wa huku. Tulikaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, tukafukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno, halafu tukarudi kijijini. Dungu ni la msimu. Hakuna mtu mzima asiyelijua hilo.

Biashara ya mchele ilipofunguka, Theodori akaanza kununua kwa wenzake na kupeleka Dar kwa treni. Akapata mashine ya kukoboa. Akajenga nyumba Ifakara mjini: tofali za kuchoma, bati, nondo madirishani, sakafu ya saruji nyekundu. Nyumba hiyo niliitaka mimi, sikatai. Nilichoka kuezeka nyasi.

Tulihamia mwaka 1994, na tangu wiki ya kwanza mwanamume huyo hakulala. Alikagua makomeo, akarudi kitandani, akainuka tena kuyakagua. Mezani alikula huku amelitega sikio lake kwenye mlio wa mashine, ukibadilika kidogo tu anatupa tonge na kutoka. Alianza kufokea watu, yeye ambaye hata mbuzi alikuwa hamfokei. Daktari akasema ni presha, akampa vidonge. Basi mwezi wa pili wa mwaka ule wa 1996 akaniambia anakwenda Namawala kusaidia kufukuza ndege. Kusaidia! Vibarua tulikuwa nao. Mashine akamwachia mdogo wake, Anselim, akapanda baiskeli akaondoka.

Mavuno yakapita, hakurudi. Nikatuma salamu, akanirudishia salamu na kambale wakavu. Nikatuma maneno makali, wakaja kambale wengine.

Nikaona dawa yake ni padre. Nyumba ilikuwa haijabarikiwa miaka miwili yote, kwa sababu nilikuwa nasubiri mwenye nyumba atulie. Nikapanga na Padre Nikodemu aje Jumamosi saa tisa alasiri, nikaalika jumuiya nzima, nikamtumia Theodori habari. Nilijiambia kuwa asipotokea siku hiyo, sina mume tena, nina mlinzi wa mabua. Jibu lilikuja Alhamisi. Kambale.

Jumamosi asubuhi nilifunga nyumba kwa kufuli, nikaufunga ufunguo kwa fundo kwenye pindo la khanga, nikamwomba jirani yangu Mama Dorika apikie wageni kwake. Nikapanda pikapu ya Namawala, ile inayogeuza kurudi mjini saa saba mchana. Nilikusudia kumtoa kule hata kwa kumburuta.

Nilimkuta juu ya dungu anasuka mgono wa kuvulia samaki.

"Baba Beatus, shuka. Padre anakuja saa tisa."

"Karibu, Mama Beatus. Umekula?"

"Sikuja kula!"

"Panda basi, utagomba vizuri zaidi ukiwa kivulini."

Nikapanda. Nikamsema kuanzia harusi yetu mpaka kambale wa Alhamisi. Yeye anageuza samaki juu ya makaa, anaitikia tu.

"Kwani unalinda nini hapa?"

"Silindi kitu."

"Sasa unafanya nini?"

"Nakaa. Nikilala, nalala. Tabibu wa zahanati amenipima juzi, presha imeshuka, akauliza nimefanya nini." Akanipa samaki. "Mama Beatus, kule mjini kila nilichopata niligeuka mlinzi wake. Huku nimelinda ndege tu, nao wameshaondoka."

"Maneno hayo kamwambie padre."

Nilikula yule samaki ili nipate nguvu za kuendelea kugomba. Nikasema nijinyooshe dakika moja tu, mgongo upoe. Nilipofumbua macho, kivuli cha dungu kilikuwa kimevuka tuta la jirani. Pikapu ilikwisha kwenda zamani.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa unakoroma," akasema. "Miaka miwili sijakusikia ukikoroma."

Nililia kwa hasira. Ufunguo ulikuwa kwenye khanga yangu, na padre alikuwa mlangoni kwangu.

Jumapili alinipakia kwenye baiskeli hadi mjini. Mama Dorika alikuwa ananisubiri barazani, hajui acheke au anionee huruma. Akanisimulia kuwa Padre Nikodemu alikuja kweli, akangoja, akachungulia dirishani, mwishowe akanyunyizia kufuli maji ya baraka, akasema za ndani zitafuata. Akala wali kwa Mama Dorika, akaaga. Mtaa mzima uliona.

Nikafungua mlango kwa kishindo. Theodori akasimama katikati ya sebule, kofia mkononi.

"Nikae wapi?" akaniuliza. Hakuwa anatania.

Nikamwonyesha kiti kikubwa. Akakaa, na kabla hajaegemea nikasikia mdomo wangu ukisema, "Angalia hicho kitambaa, utakikunja."

Akainuka. Nikabaki natazama vile viti vinne na vitambaa nilivyovifuma mwenyewe. Nikajaribu kukumbuka siku moja niliyokalia hata kimojawapo, nikaikosa. Mimi hukaa uani, jikoni, kwenye kigoda. Bilauri za kabatini sijawahi kuzinywea. Mchana sijawahi kulala humu, naogopa mgeni asije akanikuta. Nilimkasirikia Theodori, nikavikasirikia viti, na mimi mwenyewe nikajikasirikia kuliko vyote.

"Twende nyuma," nikamwambia. Tukala uani kiporo cha wali wa wageni alichotupa Mama Dorika, mimi kwenye kigoda, yeye juu ya debe. Na kile kiporo, Mungu anisamehe, kilikuwa kitamu.

Jumatatu alitaka kurudi Namawala. Nilimfungia unga, chumvi na sabuni huku nikimsema, nikamsindikiza hadi stendi huku nikimsema, nikamwambia mbele za watu kwamba ni mzee asiye na haya, analinda mabua wakati ana nyumba ya bati. Aliitikia kwa kichwa, akapakia baiskeli yake kwenye pikapu.

"Mnaokwenda ni wangapi?" konda akauliza.

"Wawili," nikasema, na nilivyokuwa na hasira, nilipanda wa kwanza.