Mgongo Uliokatazwa Kuinama

Watu wa mtaani kwetu Malindi walisema najifanya. Nikikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, nimeinama hivi, asubuhi nzima sisikii kitu. Nikisimama nikashika njia ya sokoni, sijafika hata msikitini miguu inawaka moto, mara inakufa ganzi, nabaki kushika kuta za watu. "Mbona kwenye nazi huumwi?" Wifi yangu huyo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nikamjibu, na wali wa nazi hii leo usije ukala kwangu.

Lakini kilichonitia hofu hakikuwa soko. Mimi ni mwosha maiti. Wanawake wa mtaa huu wakifa, mimi ndiye niitwaye, kama alivyokuwa akiitwa marehemu mama. Na dada yangu mkubwa, aliyekuwa Mambrui na moyo wake umechoka, alinishika mkono akaniusia: "Usiniache nioshwe bila wewe." Kuosha ni kusimama. Nami sikuweza tena kusimama hata muda wa chungu kuchemka.

Nilikandwa kwa mafuta, nikapewa vidonge, mazoezi, hata sindano ya mgongoni. Nafuu ikaja, ikaondoka. Mwisho daktari wa upasuaji, kijana mpole, akanionyesha picha. Akasema ile njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo, huku chini kiunoni, imekuwa nyembamba; nikiinama inapanuka kidogo, nikisimama wima inabana. Loo! Nilitamani wifi yangu awe pale asikie kwa masikio yake.

Akanieleza njia mbili za kupasua. Ya kwanza, waondoe mfupa kidogo kwa nyuma, mishipa ipate nafasi. Ya pili, waondoe mfupa kisha waunge pingili kwa vyuma na skrubu. Hiyo ni zaidi kwa mtu ambaye pingili zake zinateleza, na kupona kwake huchukua muda mrefu. Zangu hazitelezi, akasema, ya kwanza yatosha. Pia ningeweza kuacha, nikavumilia. Wala hakuniahidi pepo: miguu ingepata nafuu kuliko mgongo, na ganzi huenda isiishe yote.

"Nitaweza kusimama?"

"Inshallah, bibi. Lakini wiki za mwanzo usiiname, wala usiinue kitu kizito."

Nilikwenda Mambrui kumuaga dada, maana niliogopa asije akaondoka nami nimelala hospitalini. Akacheka, na pumzi hana. "Nenda wewe. Mimi nitakungoja." Mwongo yule.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku waliyonisimamisha miguu ilikuwa kimya, nikalia mbele ya wauguzi bila haya. Nikarudi nyumbani, na kabla sijaruhusiwa kuinama, dada akafariki.

Jirani alinipeleka kwa gari lake, nimeegemea mito. Nilipoingia chumbani wanawake wakanipisha. Maisha yangu yote nimeinamia maiti. Leo kusimama naweza, kuinama ni marufuku. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Wakanipa kopo. Binti zake wakaosha, mimi nikamimina maji na kuwaelekeza: kulia kwanza, polepole, msimfunue. Nilisimama toka mwanzo mpaka maji ya kafuri.

Alipokwisha kuvishwa sanda, uso tu ukiwa wazi, kila mmoja aliinama akambusu kipaji. Zamu yangu ikafika. Nilimtazama pale chini, machozi yananitoka, nikasema liwalo na liwe, nikaanza kuinama.

"La, mama mdogo!" Binti yake akanishika bega. Kisha yeye na nduguze, na wifi yangu naye, wakapitisha mikono chini ya mgongo wa dada yangu, wakamwinua taratibu, wakamleta mpaka usoni pangu.