Mpindo kwenye mkeka wa bibi

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba leo asubuhi nimemfuta marehemu bibi kwenye kompyuta ya chuo.

Ilikuwa hivi.

Tuliambiwa tuchukue kazi ya mikono ya nyumbani, tuigeuze picha ya kompyuta. Mimi nikaupiga picha mkeka ambao bibi aliusuka barazani kwetu, hapa hapa Bagamoyo, kwa maneno mengi kuliko ukindu.

Kuna mahali mstari mwekundu umekwenda upande. Nikaunyoosha. Mwalimu akasifu, nami nikajiona fundi.

Mchana nikamwonyesha mama kwenye simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili.

"Mwanangu, bibi yako umempeleka wapi?"

"Kivipi, mama?"

"Pale palipopinda. Anasuka, wewe ndiyo unaanza kutembea, ukawa unamvuta mkono akubebe. Nikamwambia afumue. Akasema hafumui, mjukuu wake ametia sahihi."

Jamani. Miaka yote nalala juu ya mkeka ule, kumbe mpindo ni mimi.

Nikarudi chuoni mbio. Picha ya kwanza haipo, ya pili niliihifadhi juu yake. Wenzangu wakanipa pole za msibani. Mmoja akauliza matanga tunaanua lini.

Nanyi semeni, mmewahi kunyoosha kitu mkajuta?

Nimerudi nyumbani mnyonge.

Mkeka wenyewe uko sebuleni. Mama ameukalia, anachambua mchele.