Sokwe Jitu wa Buswahili

Taya lenyewe lilikuwa la plasta, nakala ya taya halisi la sokwe jitu aliyetoweka zamani, lililopatikana kwenye pango huko China. Mtafiti mmoja aliyekuja kutufundisha sisi walimu wa baiolojia aliniachia, nikaliweka mezani kwangu shuleni, Musoma. Gego moja tu lilijaza kiganja cha mtoto. Wanafunzi walikuwa wakiuliza kila mara: mwenye taya hili alifananaje?

Rafiki yangu ndiye aliyesema tumjenge. Alikuwa mwalimu wa sanaa kwenye sekondari moja ya Bunda. Chuo cha ualimu tulilala chumba kimoja miaka miwili, na siku ya kumzika mama yangu ndiye aliyenishika mkono hadi mwisho. Sina dada wa kuzaliwa naye. Nilikuwa na yeye.

Likizo nzima tulifanya kazi uani kwangu, Kamunyonge. Mifupa ilikuwa nondo, nyama ni nyavu kuukuu za dagaa tulizoviringisha na kufunga kwa waya, ngozi ni karatasi zilizolowekwa kwenye gundi. Vipimo nilivikokotoa mimi, nikianzia kwa orangutani, jamaa yake wa karibu aliyebaki hai. Tulibishana karibu kila siku.

"Asimame kwa miguu miwili," alisema. "Watu watamwogopa."

"Miguu ipi, dada? Hakuna aliyewahi kuona hata kidole chake. Tuna taya na meno, basi."

Mwishowe tukakubaliana ainame, ashike chini kwa mikono. Taya na meno vibaki vyeupe, mwili wote uliobaki tuupake kijivu, na kibao kieleze kwamba cheupe ndicho kinachojulikana, kijivu ni makisio yetu. Kibao aliandika yeye, kwa mwandiko wake mzuri.

Maonyesho ya sayansi yalifanyika Butiama. Siku ya kwanza nilikuwa nasimamia mtihani, kwa hiyo akatangulia na sokwe wetu kwenye lori. Nilipofika kesho yake nilikuta umati. Sokwe alikuwa amevikwa manyoya ya katani nyeusi mwili mzima, taya limepakwa rangi ya udongo, na kibao chetu hakipo. Kibao kipya kilisema: Sokwe Jitu wa Buswahili.

Nilikisoma mara mbili. Yeye alikuwa ameshika kipaza sauti, anawaeleza wageni kwamba mabaki hayo yalichimbuliwa shambani Buswahili, hapahapa wilayani. Aliponiona akatabasamu.

"Na huyu hapa ndiye mwenzangu aliyeyachimbua!"

Watu wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa, kama mtu anayeshukuru.

Makofi yalipoisha nilimvuta nyuma ya hema. "Umefanya nini?"

"Watu hawapendagi makisio, dada. Wanapendaga kitu cha kwao."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Alisema kwa upole kabisa. Ndipo nilipoitazama tena ile katani. Kuitia rangi, kuikausha na kuishona si kazi ya siku moja. Alikuwa ameianza kwake Bunda huku bado anakuja kunywa chai yangu na kujadili vipimo.

Jioni ile niliwaambia waamuzi wa maonyesho ukweli. Waliondoa kibao, wakaniomba nisilikuze jambo. Mwezi uliofuata nilikutana na rafiki yangu stendi ya Bunda. Aliniona, akavukia upande wa pili wa barabara.

Lakini habari ilishafika Buswahili. Siku moja mkulima mmoja, mtu mzima, alikuja shuleni na kiroba begani. Ndani mlikuwa na taya lenye udongo mbichi.

"Mwalimu, hili nalo si la yule? Nimeng'oa mihogo yangu nusu shamba, nachimba tu."

"Hapana, mzee. Hili ni la ng'ombe."

"Na lile lenu?"

"Lile ni nakala, asili yake ni mbali sana. Buswahili hatukuchimba kitu."

Alinitazama. "Mimi nilikuwepo Butiama. Walisema ni wewe uliyechimba, na ulikuwa umesimama palepale."

"Nilikuwepo, mzee. Nisamehe."

Alilirudisha taya kwenye kiroba, akafunga mdomo wa kiroba kwa kamba, taratibu, mafundo mawili. Mgeni husindikizwa hadi getini. Mimi niliishia mlangoni.