Pushpa na Jina la Mumewe

Pushpa tulikutana kiwanda cha kadi, Tottenham, London, mwaka sabini na tatu. Yeye kafukuzwa Kampala pamoja na Wahindi wenzake, mimi Mardhiya wa Unguja nishaizowea baridi. Kiingereza hakikumkaa, lakini Kiswahili, lo, alikimwaga! Alikuwa na pasi ya Uingereza. Mumewe, Vinod, hakuwa nayo, akapelekwa kambini Austria. Basi roho yake yote ilikuwa kwenye jambo moja tu, Vinod aruhusiwe kuja.

Januari nzima tulifunga kadi za Valentine mpaka vidole vikachubuka. Supavaiza akatuhadithia kwamba ati zamani Roma palikuwa na padri akiwaozesha watu kwa siri, mfalme akamkata kichwa. Siku ya kifo chake ndiyo Waingereza hupelekeana kadi, na hawatii jina, mpenzi abahatishe mwenyewe. Nikamfasiria Pushpa.

"Padri huyo angetufaa sisi," akasema. "Na hilo la jina, kwetu mke halitaji la mumewe. Ukilitaja unampunguzia umri."

"Makubwa! Sasa unamwitaje?"

"Mwenye nyumba."

Barua zake kwa Vinod nilimwandikia mimi, maana kuandika hajui, na Wahindi wenzake hakutaka wamjue siri zake. Zote zilianza "Mwenye nyumba wangu," jina likawa juu ya bahasha tu, nililinakili kwenye karatasi zake.

Usaili wa uhamiaji ukaangukia tarehe kumi na nne Februari, siku yenyewe ya kadi, nikaenda kumtafsiria. Mezani kwa ofisa palikuwa na kadi ya moyo mwekundu, haina jina, naye kila mara anaitupia jicho akichekelea. Akapekua nakala za barua zetu, tulizozileta kama ushahidi wa ndoa.

"Hizi hazina jina. Mumeo anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

"Nimemuuliza yeye," akanikata.

Pushpa kainama, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Dada, sema," nikamsihi. "Neno moja tu!"

"Yuko peke yake kule, Mardhiya, na kifua kinamsumbua. Nikimuua je?"

Nikamweleza ofisa mila yao yote, karibu nilie. Akaandika kwamba mke hajui jina la mumewe. Hivyo hivyo, jamani! Nilitamani kumrushia ile kadi yake usoni.

Vinod akakataliwa. Akaenda kukaa kwa kaka yake, Rajkot, India, akamwagiza mkewe asiondoke London, maana akitoka yeye pia, mlango wa Uingereza umefungwa kwao wote wawili. Kila mwaka Pushpa aliomba upya, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile. Nilichoka kumsomea.

Telegramu ilikuja mwaka wa themanini na moja. Nilimsomea mimi pia. Vinod kafa, moyo umesimama.

Hakulia. Alikaa kitandani, akasema, "Vinod." Akasema tena, "Vinod, Vinod," sauti inapanda, mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamshika mikono, nikamwambia basi, inatosha.

"Niache," akasema. "Sasa halimdhuru."