Ngoma Zisubiri, Perege Wapumzike

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wavu nikaambiwa nikimbize samaki. Nilikuwa nimetoka sekondari, binti mwenye haya kiasi kwamba hata chai mgahawani niliagiziwa na mwenzangu. Bwana Samaki wa Wilaya, ndivyo tulivyomwita afisa uvuvi zama zile za vijiji vya ujamaa, aliniingiza kwenye kidimbwi cha kituo cha samaki pale Singida Mjini.

"Wakimbize mpaka wachoke, halafu unieleze umeona nini."

Niliona mashavu, ambayo kwa samaki ndiyo mapafu, yakihema kwa kasi. Tulipowaacha yakatulia upesi. Nikasema wameshapona.

"Bado, binti. Hofu ina wajumbe wawili kwenye damu," akasema. "Adrenalini anakimbia kama mjumbe wa nyumba kumi aliyeitiwa pombe. Anafika mara moja, anaondoka mara moja. Mwenzake ni kotisoli. Huyu huchelewa kuingia, na akiingia, ini humwondoa polepole, saa nyingi. Ukimtisha samaki tena kabla kotisoli haijaisha, unaongeza juu ya ile ya mwanzo. Chumvi inamtoka mwilini, kinga inashuka, keshokutwa anaelea."

"Kwa macho nitajuaje kama imeisha?"

"Hutajua. Ndiyo maana unasubiri."

Nyinyi mnaoanza kazi leo mna vipimo vya damu. Sisi tulikuwa na subira tu. Kabla ya kuwasafirisha vifaranga wa samaki tuliwanyima chakula, tukatia chumvi kidogo kwenye pipa ili ya mwilini isiwatoke sana, tukafunika kwa gunia bichi wawe gizani.

Hivyo ndivyo tulivyowapeleka perege Kinyangiri. Wananchi walikuwa wamechimba bwawa kwa majembe, kwa kujitolea, wakitamani kitoweo cha watoto. Shehena iliyotangulia, ya kijiji kingine, ilikufa yote. Bwana Samaki akaniambia asubuhi, "Na hawa wakifa, wilaya haitatupa tena gari." Mwenyewe akabaki na homa. Nikaenda na dereva.

Tulipokaribia nikasikia ngoma. Kijiji kizima kilikuwa ukingoni mwa bwawa, watu wanacheza mpaka udongo unatetemeka, na Mwenyekiti wa Kijiji amekunja mikono ya shati.

"Leteni pipa hapa. Nitawainua mmoja mmoja, watu wawaone."

Dereva akaninong'oneza, "Sema basi. Au niseme mimi, mwenye cheo cha usukani?"

Nikamsogelea Mwenyekiti. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Bwana Samaki yuko wapi?"

"Anaumwa, mzee. Naomba kuuliza. Mgeni akifika kwako ametoka mbali, unamuuliza habari mlangoni?"

"Hata. Anapewa kigoda, anapewa maji. Habari baadaye."

"Hawa wametoka Singida kwenye pipa, mzee. Hofu bado iko kwenye damu yao. Wakiguswa sasa, na ngoma hizi, watakufa."

Mama mmoja akacheka, "Mwenyekiti, umefundishwa adabu ya wageni."

Mwenyekiti akanitazama, kisha akageukia wapigaji. "Ngoma ziende shuleni. Tutacheza huko. Hapa pana wageni wamelala."

Tukatia maji ya bwawa kwenye pipa kidogokidogo, wayazoee, kisha tukawaachia bila kumshika hata mmoja. Tuliporudi baada ya wiki hapakuwa na aliyeelea. Hatukunyimwa gari. Mvua zilizofuata watoto wa Kinyangiri walikula perege kwa ugali wa uwele.

Nimehudumu vituo vingi hadi Rungwa, chini ya Mabwana na Mabibi Samaki wengi, na wote nawashukuru, huyo wa kwanza zaidi. Nilipostaafu, watu wa Kinyangiri waliniita niagwe. Niliposhuka kwenye basi, vijana wakanizunguka wakitaka hotuba. Yule Mwenyekiti, sasa mzee wa mkongojo, akawazuia, akanisogezea kigoda na kibuyu cha maji.

"Mwacheni kwanza," akasema. "Damu yake haijatulia."