Ndoo ya Asali ya Bi Sabuni

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtaa mzima unamwita Bi Sabuni. Ni muuguzi mstaafu, na kwake unanawa mikono kabla hujasalimia! Hata vazi lake la kurinia asali analipiga pasi. Nilizoea kumtania: "Wifi, unakwenda kurina au kufunga ndoa?" Anasonya tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufuga nyuki. Mizinga yangu minne iko nyuma ya jiko. Nilipoiweka tu, maboga na matikiti yangu yalishika matunda mpaka majirani wakauliza nimetia mbolea gani. Bila nyuki wale sina bustani.

Kiangazi kilipobana, maua yakakauka. Wifi akaja na ndoo.

"Wape nyuki wako wasife njaa. Mzinga wangu mmoja umekufa wote, lakini asali wameacha tele. Asali haiozi."

Nilimshukuru mpaka ulimi ukachoka.

Wiki tatu baadaye nyuma ya jiko kukawa na harufu kama ya gundi iliyochacha. Nikamwita bwana nyuki, afisa ufugaji nyuki wa wilaya, wifi naye akaja kusaidia. Bwana nyuki akafungua mzinga wa kwanza, akachomeka njiti ya kiberiti kwenye kijumba kimoja cha sega. Jamani! Ilitoka na uzi wa kahawia unaonyumbuka kama kamasi. Watoto wa nyuki walikuwa wameozea mle ndani. Wa pili, vile vile. Wa tatu. Wa nne.

"Mmewalisha nini?"

Nikamwonyesha ndoo, nikamweleza ilikotoka. Akashika kiuno.

"Asali ya mzinga uliokufa? Mtu akiila haimdhuru. Nyuki ndio inawaambukiza ugonjwa huu; vijidudu vyake vimo ndani ya asali yenyewe. Hii mizinga yote ichomwe leo."

Minne yote! Nilitaka kumrukia wifi, haki ya Mungu, lakini nilipomtazama usoni nikaishiwa nguvu. Alikuwa amesimama na glavu zake nyeupe pee, machozi yanamlengalenga.

"Ndoo niliiosha kwa maji ya moto, wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Mara mbili."

"Nani mwingine umemgawia?" bwana nyuki akamuuliza.

Wifi akavua glavu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Akamaliza mkono wa kushoto, akahamia wa kulia.