Chai Niliyowapikia Wazee

Nichekeni tu, jamani. Mimi ni karani wa ushirika wa wakulima hapa Handeni, na juzi nilisimama mbele ya wazee kusoma katazo la kutumia vifaa vya ofisi kwa mambo binafsi. Nilisoma kwa ukali kweli, wao wakinywa chai niliyowapikia. Nilichosahau ni kwamba mchana nilikuwa nimeunganisha simu yangu na spika ya mikutano, nisikilize taarabu.

Simu ikatetemeka mfukoni, mke wangu. Nikainama nyuma ya meza, nikapokea kwa kunong'ona. Sauti yake ikajaa ukumbi mzima:

"Baba Zuhura, yale mayai umeyachemshia tena kwenye birika la ofisi?"

Vikombe vikatuliwa mezani, kimoja kimoja. Mzee Mhina akachungulia chake.

"Karani," akauliza taratibu, "hapa ofisini kuna mabirika mangapi?"